Kumshusha riga aliyekwama juu ya busta: mwongozo kamili kwa timu zetu za Kisumu, Nakuru na magharibi yote

Wenzangu mariga, mnaopanda mabusta, hii minara ya simu, kupanda tunajua. Mtu akimaliza miezi sita kwa hii kazi mita 45 si kitu kwake, anafika juu na bado ana pumzi ya kufunga bolti. Kitu wengi wetu hatujui ni kushusha mtu, na nikisema kushusha simaanishi mtu anayetembea na miguu yake, namaanisha yule amening'inia hawezi kujisaidia.

Wacha niwaambie kwa nini naandika. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa watu wanne kwa saiti moja kupita Awasi ukipanda kwenda Kericho, kontrakta simtaji. Mwenzetu alikuwa anazunguka dishi la maikrowevu karibu mita 30, chuma kilikuwa na umande bado, mguu ukateleza na lanyadi, ile kamba ya kujifunga kwa chuma, ikamshika. Hanesi, ile mikanda ya mwilini, ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Akabaki ananing'inia na pete ya mgongoni, uso unaangalia miwa kule chini, mikono haifiki chuma. Sasa begi la kuokoa mtu lilikuwa wapi? Kwa pikapu. Na pikapu ilikuwa imeenda Ahero kuleta dizeli ya jenereta. Iliporudi tukafungua begi tukapata kamba bado iko na nailoni ya kiwandani, hakuna mtu alikuwa ameigusa tangu inunuliwe, na kati yetu wote hakuna aliyejua ile disenda, kifaa cha kushushia mtu kwa kamba, inapitishwa kamba upande gani. Tulimfikisha chini baada ya dakika kama 40. Mwanzo alikuwa anatuita kwa majina, baadaye akawa anaongea maneno hayashikani, alafu akanyamaza. Alipona, namshukuru Mungu kila siku, lakini ile sauti kupungua pole pole sijawahi kuisahau.

Kwa hivyo kitu cha kwanza uweke kichwani kabla hata ya kuvaa hanesi: hakuna mtu anatoka mahali kuja kukutoa juu. Ngazi ya gari la zimamoto haijatengenezewa mnara wa mita 40, na hata ingekuwa hivyo, gari lenyewe halipiti ule udongo mweusi wa Nyando mvua ikinyesha. Ambulensi inachukua mtu akiwa chini. Wa kukushusha ni yule mmesimama naye hapo saiti saa hiyo, na wewe ndio wa kumshusha yeye, na kama nyinyi wawili hamjawahi kufanya mazoezi pamoja basi siku hiyo mtajifunzia kwa mwili wa mtu.

Kwa nini dakika ni chache

Watu wengi hufikiri lanyadi ikishashika mambo yameisha. Hapana. Damu ya miguu hurudi kwa moyo ikisukumwa na misuli, ndio maana ukitembea uko sawa. Mtu akining'inia bila kusonga misuli imelala, mikanda imebana mapaja, damu inajaa miguuni na ubongo unaanza kukosa. Ukizimia ukiwa umesimama kawaida unaanguka chini, unalala, damu inarudi kichwani unaamka. Lakini ndani ya hanesi huwezi kuanguka, umeshikiliwa umesimama, kwa hivyo ile njia ya mwili kujiokoa imefungwa. Wapo wanaoanza kuona kizunguzungu baada ya dakika chache tu, wapo wanaovumilia nusu saa, na hakuna njia ya kujua wewe ni wa kundi gani mpaka siku imefika. Jasho, kichefuchefu, miguu kufa ganzi, mtu anaanza kupauka, hizo ndio dalili.

Alafu kuna kitu kingine kinaua haraka kuliko hiyo damu. Mtu aliyezimia kichwa kinainama mbele, kidevu kinagusa kifua, koo inajikunja na hewa haipiti. Hilo ni la dakika tatu nne. Kwa hivyo nitarudia huko mbele: ukimfikia majeruhi aliyezimia, kabla ya kamba, kabla ya kila kitu, inua kidevu chake.

Kabla mguu wa mtu haujagusa chuma

Asubuhi mkifika saiti, mkishasalimiana na soja na kuweka saini kwa kitabu, kaeni dakika 10 mpange uokoaji wa siku hiyo. Sio ule wa kwenye faili ya ofisi, ule wa hii saiti na hii kazi. Mnajibu maswali haya kwa sauti, kila mtu asikie: leo tunafanya kazi urefu gani na upande gani wa mnara, mtu akikwama pale anka ya kumshushia, yaani pa kufungia kamba, ni chuma gani, nani anapanda kumchukua, nani anabaki chini na simu, begi liko wapi, na njia ya kumshusha ina nini katikati, dishi, fremu ya antena, ama waya za kushikilia mnara.

Wawe angalau watu wawili wanaojua kuokoa na wasiwe wote juu. Nikiona timu ya riga mmoja na kibarua wa kuvuta kamba ambaye hajui hata karabina, ile pete ya chuma yenye lango, inafungwaje, hiyo kwangu ni mtu amepanda peke yake.

Sasa mambo ya ambulensi. Saiti zetu nyingi hazina anwani. Ukiita 999 au 112 ukasema uko kwa busta, mabusta ni mengi. Andika kwa kipande cha tepu ukibandike ndani ya mfuniko wa begi: jina la soko la karibu, shule ya msingi mnayokata kona, namba za GPS, hospitali ya karibu inayopokea mtu aliyeumia vibaya. Ukiwa upande wa Kisumu wengi wetu tunakimbilia Jaramogi, ile wenyeji wanaita Russia, ukiwa Nandi ama Uasin Gishu ni Moi kule Eldoret, lakini kuna hospitali ndogo njiani zinaweza kumpa mtu oksijeni kwanza, zijue. Na panga kabisa na mtu wa boda pale stejini, ikitokea shida yeye anaenda kusimama barabara ya lami aongoze ambulensi. Ni shilingi mia chache na inaokoa dakika ambazo huwezi kununua mahali.

Pia mpigie watu wa NOC, wale wa kusimamia mtandao, mapema. Muulize ni sekta gani, yaani antena za upande gani, zitazimwa na nani ana ruhusa ya kuzima zilizobaki ikitokea dharura, manake muokoaji anaweza kulazimika kupita mbele ya antena ambayo bado inawaka, na yeye hana wakati wa kubembeleza mtu kwa simu.

Mvua. Hapa kwetu usicheze na saa nane mchana. Hewa ya ziwa inasukumwa bara kuanzia mchana, inakutana na milima ya Kericho, Nandi na Kisii, inapanda juu na inageuka kuwa radi. Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi sana duniani. Panda mapema, maliza mapema. Ukiona umeme hesabu mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ikiwa chini ya sekunde 30 kila mtu ashuke na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Na angalieni nyuki, kwa miti ya chuma iliyo na uwazi ndani na chini ya masanduku ya vifaa, mzinga mmoja unaweza kufanya mtu aachilie mikono. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka kazi inasimama mpaka mtu wa nyuki aje.

Vya mwilini na vya kwa begi

Vya mwilini nitapita haraka kwa sababu mnavijua. Hanesi ya mwili mzima yenye pete ya kifuani na ya mgongoni, alama yake ya kiwango cha Ulaya ni EN 361. Lanyadi ya miguu miwili yenye kile kifurushi cha kunyonya mshtuko, EN 355, kinachopunguza nguvu ya kushikwa isipite kilonyutoni 6, hiyo ni kama kubebeshwa kilo 600 kwa kufumba na kufumbua, bila kifurushi ingekuwa zaidi ya mara mbili. Helmeti yenye mkanda wa kidevuni, ile ya mjengo bila mkanda ikitoka kichwani inakuwa jiwe kwa aliye chini. Kumbuka lanyadi ya mita 2 ikinyooka, kifurushi kikifunguka mpaka mita 1.75, na mwili wako ukining'inia hapo chini, unahitaji zaidi ya mita 6 za hewa tupu kutoka pale umefunga. Ukiwa chini ya hapo kwa mnara, funga juu ya kichwa na kamba fupi.

Ongeza kitu kimoja kidogo ambacho watu hudharau: vile vikamba vya kukanyagia vinavyokaa kwa vijifuko pembeni ya hanesi. Ukining'inia unavitoa, unaviunganisha, unasimama ndani yake kama ngazi, misuli inafanya kazi, damu inapanda. Jaribuni leo kuvitoa na glavu, kwa mkono mmoja, macho yamefungwa. Ukishindwa ukiwa chini basi juu hutaweza.

Kwa begi la uokoaji weka hivi: disenda ya kuokoa mtu yenye uwezo wa kuinua kidogo kabla ya kushusha, ya kushusha ni EN 341 na ya kuinua ni EN 1496, zipo zinazofanya zote. Kamba isiyovutika sana, EN 1891 aina A, ndefu kuliko mnara wako, na mwisho wake uwe na fundo siku zote ili isiponyoke kwa disenda ikiisha. Slingi mbili za kuzungusha kwa chuma, karabina tano za kujifunga zenyewe, puli mbili, kipande cha bomba la zimamoto kuukuu ama turubai nzito cha kuwekea kona za chuma, kamba nyembamba ya kuvutia kutoka chini, mkasi wa kukatia mikanda, na fasteidi. Basi.

Angalia hizi chuma za pembe za minara yetu. Pitisha kidole, polepole, kwa ile kona ambapo zinki ilimwagika ikakauka ikiwa kama meno madogo. Kamba iliyobeba kilo 100 ikisuguliwa hapo inakatika mbele ya macho yako. Hicho kipande cha bomba kina maana kuliko disenda ya bei ghali.

Na begi lisilale ndani ya kile chumba cha betri. Nimeona hanesi nzuri kabisa imewekwa juu ya betri za saiti, asidi ikaingia kwa nyuzi, kwa macho ilikuwa tu na doa la rangi ya chai lakini ukiivuta na mikono nyuzi zinaachana. Panya pia. Hanesi yoyote iliyowahi kumshika mtu akianguka ikatwe vipande siku hiyo hiyo, usiandike tu kwa kalamu ati isitumike, kuna mtu ataivaa.

Kushusha mtu, hatua kwa hatua

Hii nitaieleza kwa mnara wa pembe, ule wa miguu mitatu ama minne, ambao ndio mwingi huku, na majeruhi ananing'inia kwa lanyadi yake.

Hatua ya 1 ni kelele. Anayeona anaita "mtu amekwama!" na kazi zote zinasimama, walio juu wanabaki wamejifunga hapo walipo. Wa chini anaita ambulensi hapo hapo, bila kungoja kuona kama atakuwa sawa. Ukiiita na ikarudi bure hakuna aliyepoteza kitu. Anapigia NOC wazime, anamtuma wa boda.

Hatua ya 2, ongea naye. Kama anasikia mwambie atoe vikamba vya miguu asimame, ama akunje magoti na kuyanyoosha, ama ajisukume afikie chuma. Mara nyingi mambo yanaishia hapa, anashika chuma, anajifunga lanyadi ya kazi, anapumzika, anashushwa pole pole na mwenzake akiwa chini yake. Usimwache aanze kushuka peke yake hata akisema yuko fiti, mtu aliyeanguka huwa anatetemeka dakika nyingi baadaye na yeye mwenyewe haoni.

Hatua ya 3, muokoaji anajiangalia yeye. Hapa ndio roho inakimbia kuliko mikono. Vuta pumzi, kagua hanesi yako, begi mgongoni limefungwa, kisha panda na lanyadi mbili, moja iko kwa chuma kila saa. Kama majeruhi alikuwa kwa ule waya wa usalama wa ngazi, wewe usijifunge kwa waya huo huo, tayari umepigwa na mshtuko na haukutengenezewa watu wasio na hesabu. Tumia lanyadi zako kwa chuma chenyewe.

Hatua ya 4, mfikie. Kama amezimia, kiganja kimoja chini ya kidevu, kichwa kirudi nyuma, sikiliza pumzi. Ongea naye hata kama hajibu, taja jina lake. Kisha angalia ameshikiliwa na nini, lanyadi moja au mbili, kuna kamba ya kubebea vifaa imejizungusha, mguu umeingia kwa chuma?

Hatua ya 5 ni anka, na hapa usiharakishe. Panda juu yake, zungusha slingi kwa mguu mkuu wa mnara, juu tu ya pale chuma za kukingama zinaungana, ili isiteleze kushuka. Iwe juu ya pete yake kwa mita moja na zaidi, kwa sababu utahitaji nafasi ya kumwinua. Usifunge kwa bomba la antena, kwa trei ya kebo, kwa msumari wa kukanyagia wala kwa ngazi. Weka bomba la kukinga kona.

Hatua ya 6, funga disenda kwa slingi, shusha karabina ya kamba, iunge kwa pete ya majeruhi, ya kifuani kama unaifikia kwa sababu inamweka akiwa ameketi kidogo na kichwa kinakaa vizuri, kama huifikii tumia ile ya mgongoni. Sasa sema kwa sauti, na wa chini akurudishie: anka iko sawa, karabina imejifunga, kamba haijajikunja. Inaonekana ya kitoto lakini mkono unaotetemeka huwa unaacha karabina wazi.

Hatua ya 7, mwinue. Sentimita 10 ama 15 tu, mpaka lanyadi yake ilegee. Kama begi lako halina disenda ya kuinua, tumia puli kwa mtindo wa tatu kwa moja, unavuta mita 3 za kamba anapanda mita 1, mtu wa kilo 90 unamsikia kama kilo 30 na kitu, ongeza msuguano ufikirie 45. Kwa mikono mitupu huwezi, nimeona wanaume wenye nguvu za kweli wakijaribu kumwinua mwenzao kwa mkanda wa hanesi na hata karabina haikulegea. Karabina iliyobeba mzigo haifunguki, lango limekazwa na uzito wa mtu, unaweza kuivunjia kucha.

Hatua ya 8, toa lanyadi yake. Kabla ya kugusa, fuata kwa kidole: kamba hii inatoka kwa disenda, inaenda kwa pete yake, imekaza. Lanyadi hii imelegea, ni yake, sio yangu. Ndio ufungue. Kisu ama mkasi ni cha mwisho kabisa, ukiwa hakuna njia nyingine, kwa sababu kamba iliyokaza inakatika kwa kuguswa tu na ya kuokolea iko sentimita chache kando yake.

Hatua ya 9, shusha. Mkono wa breki hauachi kamba, hata kukuna pua. Mwendo wa nusu mita kwa sekunde unatosha, mita 30 ni dakika moja hivi, na disenda haipati moto. Wa chini anavuta ile kamba nyembamba iliyofungwa kwa hanesi ya majeruhi, anamweka mbali na chuma na madishi. Akikwama mahali simama, usimlazimishe, mvute nje kwanza.

Kuna wanaopenda kushuka pamoja na majeruhi kwa kamba moja. Inasaidia kama amezimia na njia ina vizuizi vingi, lakini disenda lazima iandikwe kwamba inabeba watu wawili na muokoaji awe amefanya hiyo kitu mara nyingi. Kwa timu inayoanza, mwache ashuke peke yake na kamba ya kumwongoza.

Minara mingine

Ile nguzo moja ya mviringo ndio ngumu, kwa sababu hakuna nafasi ya kumpita mtu na vile vyuma vya kukanyagia si anka. Kwa hizo mimi nataka kamba ya uokoaji ifungwe juu kabisa kabla kazi haijaanza, ishuke mpaka chini, disenda ikae chini kwa mtu wa ardhini. Kumbuka mambo mawili, kamba inakuwa mara mbili ya urefu, na puli ya juu inabeba karibu mara mbili ya uzito wa mtu, kwa hivyo anka iwe ya nguvu. Yenye waya za kushikilia, kagua njia ya kushukia iwe katikati ya waya mbili. Kwa paa za maghorofa ya Kisumu na Nakuru mjini mambo ni rahisi zaidi, shida huko ni ukuta mfupi wa pembeni unaokata kamba, bomba lako la kukinga liwe tayari.

Akifika chini

Mlaze chali. Zamani tulifundishwa ati mtu aliyening'inia asilazwe, akalishwe na magoti yamekunjwa nusu saa, na kuna watu bado wanafundisha hivyo. Taasisi ya usalama kazini ya Uingereza ilipitia utafiti wote mwaka 2009 na haikupata ushahidi wa hiyo kanuni, na mtu aliyezimia ukimkalisha unamnyima ubongo damu anayoihitaji. Mlaze, legeza mikanda ya mapajani, angalia pumzi. Hapumui? Anza kukandamiza kifua, mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mbadilishane kila dakika mbili. Anapumua lakini hajitambui, mgeuze ubavu mkishikilia kichwa, shingo na mgongo vinyooke pamoja kama gogo. Alianguka, kwa hivyo chukulia uti wa mgongo umeumia mpaka daktari aseme.

Hata akiamka akasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani, aende hospitali. Misuli iliyobanwa inaweza kuachilia sumu zinazoharibu figo masaa baadaye. Mpe daktari karatasi: aliangukia umbali gani, alining'inia dakika ngapi, alizimia au la. Madaktari wengi hawajawahi kukutana na mtu wa hanesi, hiyo karatasi inamwonyesha pa kuangalia.

Mazoezi

Hapa ndio moyo wa hii kitu yote. Cheti cha siku moja unachopewa baada ya kuangalia slaidi na kula chapati hakitashusha mtu. Ukitafuta mkufunzi muulize ni mara ngapi mimi mwenyewe nitamshusha mtu kwa mikono yangu, akisema mtaangalia mkufunzi akifanya, tafuta mwingine.

Nyumbani mnaweza kutengeneza mwanasesere. Ovaroli kuukuu, jaza mifuko ya mchanga mkavu ndani, lita 50 za mchanga ni karibu kilo 80, hiyo ni mitungi miwili na nusu ya lita 20. Shona shingo na mikono, mvike hanesi ya zamani iliyoandikwa kwa rangi MAZOEZI TU. Kichwa weka mpira wenye mchanga kidogo, kiwe kizito kiinamie mbele kama cha mtu kweli.

Wiki ya kwanza kaeni chini, kwa boriti ya mita 3, kila mtu apitishe kamba kwa disenda, ainue, atoe lanyadi, ashushe, mpaka asifikirie. Kisha mita 8 hivi kwa mnara wenyewe, na kamba ya pili ya usalama kwa mwanasesere. Kisha urefu kamili. Baada ya hapo ndio mnaongeza shida, glavu zimelowa, majeruhi yuko nyuma ya dishi, muokoaji ni yule mdogo kuliko wote kwa timu na majeruhi ni kilo 100. Msining'inize mtu hai ati ndio ionekane ya kweli, mtu hai anaingia tu ukiwa na kamba ya pili, miguu yake inakanyaga kitu, na kwa dakika chache.

Pimeni na simu, kutoka kelele ya kwanza mpaka mgongo uguse ardhi. Timu yetu tulianza na dakika 27. Mwezi wa tatu tulikuwa 14, na saa hii mnara wa mita 40 tunafanya 9 tukiwa tumetulia. Hatukuwa na haraka zaidi mikononi, tulipunguza tu muda wa kutafuta vitu na kubishana nani anapanda.

Bosi akisema hakuna bajeti ya hii, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka akupe mafunzo na mahali salama pa kazi, na inakuruhusu kuripoti hatari kubwa na usirudishwe pale mpaka irekebishwe, na hawezi kukuadhibu kwa hiyo. Nenda kama timu, sio peke yako, na mwandike.

Mkimaliza zoezi, kamba ikauke kivulini, disenda ikaguliwe, kila kitu kirudi begini kwa mpangilio ule ule, cha kwanza kutoka kikae juu. Ndani ya mfuniko sisi tuna karatasi imepakwa selotepu juu isilowe, tarehe, nani alishusha, nani alikuwa chini, dakika ngapi. Na begi lenyewe, tangu ile siku ya Awasi, linatoka kwa gari kabla ya vifaa vingine vyote, linawekwa mguuni pa mnara, na gari haliruhusiwi kuondoka mpaka mtu wa chini aweke mkono juu yake aseme liko.